Jerimaniamu ya elfu themanini na tano: mama, soma kabla hujainywa wala kumpa mtoto

SEHEMU YA 1: Kopo ndani ya kanga

Kamwene mama wa Iringa. Ugonile mama wa Mbeya. Na wewe uliyeko Mafinga, Makambako, Chimala au Uyole, poleni na baridi.

Leo naandika kwa sehemu 8, kwa hiyo weka maji ya uji jikoni, kaa, soma taratibu. Nimeandika nikiwa na hasira kidogo, mtanisamehe.

Mwezi uliopita siku ya kliniki ya wajawazito aliingia binti wa miaka 22, mimba ya wiki 30. Kanisalimia vizuri, "Shikamoo sista," nikaitikia, nikamkalisha. Nikavuta kope ya chini kuangalia. Nyeupe. Tukapima damu: 8.2. Nikafungua kadi yake, hudhurio la kwanza alikuwa na 10.4.

Nikamuuliza, "FEFO unameza?"

Kimya.

"Niambie tu mdogo wangu, sikugombezi."

"Niliacha sista. Wifi kaniletea hii."

Akatoa ndani ya kanga kopo dogo lenye unga mweupe. Kwenye karatasi: jerimaniamu ya organiki. Muuzaji kamwambia wifi kwamba unga huu unaingiza oksijeni kwenye damu, unasafisha sumu, unamkinga mtoto tumboni na saratani, na ukishaunywa huhitaji tena vile vidonge vya kliniki vinavyofanya choo kiwe cheusi. Bei elfu themanini na tano. Mume wake aliuza gunia la viazi, akakopa na nyingine juu.

Sikuwa na maneno. Nilichofanya ni kuomba kopo lile nilishike, nikasoma maandishi yote mpaka yale madogo ya chini. Halafu nikaanza kumweleza. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza, na mengine niliyokumbuka baadaye nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani.

SEHEMU YA 2: Jerimaniamu ni kitu gani?

Tusianze kwa kuitukana. Jerimaniamu ni kitu halisi, na kina kazi zake za heshima.

Mwaka 1869 mwanasayansi Mrusi, Mendeleev, alipanga elementi zote zilizojulikana kwenye chati, ile mliyoikariri kidato cha kwanza na cha pili. Akaona kuna nafasi imebaki wazi, akasema hapa kuna kitu bado hakijapatikana. Mwaka 1886 Mjerumani, Clemens Winkler, akakipata ndani ya jiwe la mgodini, akakipa jina la nchi yake. Ndiyo hiyo jerimaniamu.

Kazi zake? Transista ya kwanza duniani, ile iliyotengenezwa Marekani mwaka 1947, ilikuwa ya jerimaniamu. Redio ndogo za betri walizobeba babu zetu kwenda nazo shambani zilikuwa na transista za namna hiyo. Leo oksidi yake inachanganywa kwenye kioo cha nyuzi za mawasiliano ili mwanga usafiri mbali bila kutoroka. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita mikoa yetu, na nyuzi za aina hiyo kwa kawaida zina jerimaniamu katikati. Inawezekana kabisa ujumbe huu umepita ndani yake mpaka kufika kwenye simu yako.

Tena inatumika kutengeneza lenzi za kamera zinazoona joto, kwenye sola za setilaiti, na kiwanda kingine huitumia kuharakisha utengenezaji wa plastiki ya chupa za maji. Hata zile zilizoungana na kaboni, ambazo ndizo huitwa za organiki, zina kazi viwandani: baadhi hugeuzwa mvuke ili kuacha utando mwembamba wa jerimaniamu kwenye vifaa vya elektroniki.

Na haiko mbali na sisi. Yale malori ya shaba unayopishana nayo Tunduma, Mbeya mpaka Iringa yanatoka Katanga, kwa ndugu zetu wa Kongo wanaoongea Kiswahili kama sisi. Ardhi hiyo hiyo ina jerimaniamu. Mgodi wa Kipushi, jirani na Lubumbashi, unajulikana kwa madini hayo, na mwaka 2024 pale Lubumbashi walianza kusafirisha makinikia yake kwenda Ubelgiji. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, iliweka masharti ya kuiuza nje mwaka 2023, bei ikapanda dunia nzima.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni madini ya thamani," hajadanganya. Ila mama, shaba nayo ni ya thamani, na hakuna anayeisaga amchanganyie mtoto kwenye uji.

SEHEMU YA 3: Hilo neno "organiki"

Hapa ndipo wengi tunapoingizwa mjini.

Ukisikia "organiki" unafikiria nini? Mchicha wa bustanini usiopigwa dawa. Kuku wa kienyeji. Kitu cha asili, kisicho na madhara. Muuzaji anajua unafikiria hivyo na anakuacha uendelee.

Kwenye kemia neno hilo lina maana nyingine kabisa. Kampaundi ya organiki ni ile iliyojengwa kwa kaboni. Basi. Petroli ni ya organiki. Mafuta ya taa ni ya organiki. Dawa nyingi za kuulia wadudu kwenye viazi, zile unazomkataza mtoto asisogelee, nazo ni za organiki. Neno hilo halikwambii kama kitu ni salama au ni sumu.

Jerimaniamu ya organiki inayouzwa sana kama kirutubisho inaitwa Ge-132. Haikuchumwa msituni. Ilitengenezwa maabara nchini Japani mwaka 1967, na aliyeitangaza kwa nguvu ni Kazuhiko Asai. Ipo na nyingine, spirojerimaniamu, ambayo madaktari waliijaribu kwa wagonjwa wa saratani. Ikaleta shida kwenye mishipa ya fahamu, faida ikawa ndogo, wakaiacha. Mnaona wanavyofanya wenye nia njema? Wanajaribu, wanapima, wanaona haifai, wanaacha. Muuzaji wa kopo hajawahi kuacha.

SEHEMU YA 4: Figo

Mama, kama utasoma sehemu moja tu, soma hii.

Miaka ya 1970 na 1980, Japani na kwingineko, watu walinunua dawa za jerimaniamu kwa matumaini yale yale ya wifi. Wengine walimeza oksidi ya jerimaniamu, kampaundi ile ile inayowekwa kwenye nyuzi za intaneti. Wengine walimeza zile zilizoitwa za organiki. Walimeza kila siku, miezi na miezi.

Wakaanza kuchoka. Hamu ya kula ikaisha. Wakapungua uzito, misuli ikalegea, damu ikashuka. Walipofika hospitali figo zilikuwa zimeshindwa. Tathmini ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 1997 ilihesabu wagonjwa 31 walioharibika figo kutokana na bidhaa za jerimaniamu, na wengine walikufa. Waliopona, figo zilirudi polepole sana na mara nyingi hazikurudi zilivyokuwa. Marekani, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilitoa agizo mwaka 1988 la kuzuia bidhaa hizo mipakani zisiingie.

Sasa sikiliza jambo ambalo linaniogopesha kama nesi. Magonjwa mengi ya figo tunayashtukia kwenye kile kijiti cha mkojo: tunaona protini, tunaona damu, tunasema huyu aende mbele. Jerimaniamu inaharibu mirija midogo ya figo, na kwa wagonjwa wale mkojo mara nyingi haukuonyesha protini wala damu. Yaani unaweza kupimwa mkojo kliniki, ukaambiwa uko safi, ukaenda nyumbani kunywa tena. Mpaka upimwe damu, kipimo cha kreatinini, ndipo figo zinasema ukweli.

Na dalili zenyewe ni zipi? Kuchoka, kukosa hamu ya kula, kuishiwa damu. Mjamzito gani hajawahi kuchoka? Utasema ni mimba. Mama mkwe atasema ni mimba. Na muuzaji atasema, "Hiyo ni sumu inatoka, ongeza kijiko."

Najua kuna atakayeniandikia kwamba ya kwake ni Ge-132 safi, haina oksidi. Ni kweli majaribio yameonyesha Ge-132 safi haina ukali sawa na oksidi. Lakini nani amepima kopo lako wewe? Baadhi ya waliougua walidhani wanameza ya organiki. Na mjamzito na mtoto mchanga si watu wa kufanyia majaribio jikoni kwa kijiko cha chai.

SEHEMU YA 5: Oksijeni inabebwa na nani?

Turudi kwenye ahadi ya muuzaji, kwamba jerimaniamu "inaingiza oksijeni kwenye damu."

Oksijeni kwenye damu inabebwa na himoglobini, na ndani ya himoglobini kuna madini chuma. Ndiyo maana tukipima damu tunapima himoglobini. Mjamzito anatengeneza damu yake na ya mtoto, chuma kinaisha, ndiyo maana tunampa FEFO: chuma na foliki asidi. Jerimaniamu haina kazi yoyote inayojulikana mwilini mwa binadamu. Hakuna ugonjwa wa kukosa jerimaniamu. Ile kidogo sana iliyopo kwenye vyakula vya kawaida inaingia na kutoka na mkojo, na maisha yanaendelea.

Kwa hiyo yule binti aliacha kitu kinachobeba oksijeni, akanunua kitu kisichobeba, akiamini anaongeza oksijeni. Damu ikashuka. Na mjamzito mwenye damu pungufu akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hapo wodini tunakimbia hatusalimiani.

Choo cheusi kinatokana na chuma ambacho hakikufyonzwa, hakina madhara. Kichefuchefu kipo, meza FEFO usiku baada ya kula. Na hili nawaomba watu wa Rungwe na Mufindi mnisikilize: chai ni yetu, tunailima wenyewe, lakini inazuia chuma kisifyonzwe. Usimezee FEFO kwa chai. Meza kwa maji, au kwa chungwa, halafu chai subiri saa moja au mbili.

SEHEMU YA 6: Nesi mwenzangu, vua sare kwanza

Sehemu hii itaniletea maneno, lakini lazima niiseme.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu alinialika semina hotelini, Mbeya mjini. Soda, makofi, watu wamevaa suti. Wakatuonyesha bangili za jerimaniamu, unga wa jerimaniamu, na picha ya ngazi: wewe chini, ukileta wawili unapanda, wakileta wawili wao unapanda tena. Yule mzungumzaji akatuangalia sisi manesi tuliokaa nyuma akasema, "Ninyi mna bahati, watu wanawaamini tayari."

Sitawadanganya, nilitamani. Nilikuwa na ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Nilirudi nyumbani na fomu mkobani, nikakaa nayo siku tatu. Kilichonizuia sikuwa na akili kuliko wenzangu, ni ile sentensi yake. Niliirudia kichwani mpaka nikaona aibu. Watu wananiamini kwa sababu ya sare niliyoipata chuoni kwa kodi zao na ada za wazazi wangu. Ile imani haikuwa yangu kuiuza.

Wapo wenzangu wanaouza hadi leo. Wengine wanauza wodini, mgonjwa akiwa kitandani. Nawaambia kwa upendo: kama unaamini bidhaa yako, vua sare, toka nje ya geti, ukauze Mwanjelwa kama wauzaji wengine, tuone nani atanunua.

Bangili, kwa uaminifu, haitaua figo ya mtu. Ukiipenda kama pambo, vaa. Shida ya bangili ni muda. Mwenye presha anavaa bangili anaacha vidonge. Mwenye uvimbe kwenye titi anavaa bangili miezi sita, anakuja kwetu tumeshachelewa. Mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo. Siwacheki waliokwenda, kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake. Lakini wapo walioacha dawa za VVU na za kisukari baada ya kunywa, na tunajua mwisho wake. Na Babu alichukua shilingi 500. Hawa wa leo wanataka gunia la viazi.

SEHEMU YA 7: Mayai 210

Sasa hesabu ya nyumbani.

Elfu themanini na tano. Hata trei ya mayai uinunue kwa elfu kumi na mbili, unapata trei 7. Hayo ni mayai 210. Mtoto akianza kula akiwa na miezi sita, yai moja kila siku, mayai hayo yanamfikisha karibu miezi 13. Kopo moja la wifi lilikuwa yai la kila siku kwa miezi saba.

Kwa nini nalia na mayai? Kwa sababu ya jambo linalotuaibisha sote Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu Iringa ni asilimia 56.9. Zaidi ya nusu! Taifa zima ni asilimia 30. Iringa ndiyo ya kwanza nchini, na Njombe inafuata. Sisi tunaolisha nchi. Mahindi, maharage, viazi, parachichi, maziwa, vyote vinatoka kwetu, vinapanda lori, na mtoto wetu anabaki na uji mweupe asubuhi, ugali na chai jioni.

Udumavu ukipita miaka miwili ya mwanzo ni vigumu sana kuurudisha. Unakaa kwenye urefu, unakaa kwenye akili, unamfuata mtoto mpaka shuleni. Dawa yake inajulikana: yai, maharage, maziwa, usipa wa Ziwa Nyasa uliosagwa ukawekwa kwenye uji, parachichi lililopondwa, mboga za majani, mikono safi, na maziwa ya mama. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji semina hotelini.

Na akina baba mnaosoma, maana najua mpo: wewe ndiye uliyeuza gunia. Uliuza kwa mapenzi, siwezi kukulaumu. Safari ijayo mtu akikwambia toa hela kwa ajili ya mimba ya mkeo, njoo naye kliniki uulize kwanza. Kuuliza ni bure, na FEFO kliniki ni bure.

SEHEMU YA 8: Ufanye nini sasa

Kama unatumia jerimaniamu ya kunywa, acha leo. Usipunguze kidogo kidogo, acha. Usione aibu.

Beba kopo lenyewe uende nalo hospitali. Sema umelitumia muda gani na kiasi gani. Omba wapime kreatinini, usiridhike na mkojo peke yake. Kama umechoka sana, umevimba, mkojo umepungua au unatapika, nenda siku hiyo hiyo.

Kama ni mjamzito, rudia FEFO zako na uje upimwe damu. Kama ni mtoto aliyepewa, mlete, hata kama anacheza.

Muombe mtoa huduma ajaze fomu ya taarifa ya madhara, ifike TMDA. Bila taarifa, wataendelea kuuza kwa mwingine.

Na kabla hujanunua kirutubisho chochote, muulize muuzaji maswali matatu. Moja, kimesajiliwa wapi, namba ya usajili ni ipi? Dawa zinasimamiwa na TMDA, na chakula tangu mwaka 2019 kiko TBS. Mbili, kina madhara gani? Akijibu "hakina kabisa," ondoka, hata panadoli ina madhara. Tatu, nikidhurika nimpigie nani, na wewe unapata shilingi ngapi nikinunua? Hilo la mwisho uliza ukimwangalia usoni.

Mtaniuliza yule binti yukoje. Kreatinini ilirudi vizuri, alikuwa amekunywa wiki tano tu. Alirudia FEFO, akaongeza maharage na mayai, na kwenye hudhurio la wiki 34 damu ilikuwa 9.4. Bado haijanitosha, tunaendelea naye, na tumempangia kujifungulia hospitali ya rufaa. Ila wifi hajaongea naye tangu siku ile. Anasema amedharauliwa.

Hilo ndilo linaloniuma. Wifi hakuwa na nia mbaya. Alitoa elfu ishirini yake kwenye ile themanini na tano, kwa ajili ya mtoto wa kaka yake. Kwa hiyo ukimtumia mtu ujumbe huu, usimtumie kumkomesha. Mpigie kwanza, msalimie, muulize hali, halafu mwambie, "Wifi, najua ulinipenda. Soma hii, tuongee."

Wiki ijayo tutaongea kuhusu homa ya manjano kwa mtoto mchanga na lile jambo la kumwanika juani. Maswali yaacheni hapa chini, nayajibu nikitoka zamu ya usiku.

Nesi wenu.